Hodi ya Mama na Simbilisi Aliyesusa Kula

Niseme mapema, nisije nikaonekana najisafisha: kosa lilikuwa langu, si la simbilisi, si la simu, wala si la marehemu. Mpaka leo nikiwa gengeni kwangu hapa Buza napanga mafungu ya mchicha, wapo watu wazima na akili zao wanaopita, wananigongea meza, wanasema "Hodi!" halafu wanaondoka mbio huku wanacheka, na mie nacheka nao, maana nitafanyaje. Ila kuna kipande cha mkasa huu ambacho wakifikishwa hapo hawacheki, na mie sicheki, kwa hiyo wacha niusimulie wote kama ulivyokuwa.

Kwetu tuko watatu, wote wa kike. Mie Zuhura ndiye mkubwa, niliacha shule kidato cha pili baba alipofariki, nikamsaidia mama genge. Anayenifuata ni Salma, yuko shule ya bweni. Wa mwisho ni Tunu, ana miaka minane. Mama alitutoka kipindi cha masika, na haya ninayoyasimulia yalitokea kama miezi kumi baadaye, kiangazi kimekolea, nyasi zote za mtaani zimegeuka rangi ya mkate.

Mama alikuwa mtu wa Njombe, na watu wa kule hufuga simbilisi jikoni kama sie tunavyofuga paka. (Kama hujawahi kumwona, simbilisi ni kinyama kisicho na mkia, kinene, masikio madogo, ukikitazama kwa mbali utadhani kiazi kimeota manyoya.) Zamani hizo stendi ya mabasi ya mikoani ikiwa bado Ubungo, mama alishuka pale na wanne ndani ya ndoo yenye matundu. Wakazaana, wakafa, wakagawiwa watu, hadi alipofariki mama alikuwa amebaki mmoja tu, dume la rangi ya udongo, jina lake Kiazi.

Sasa huyu Kiazi si mnyama tu kwetu. Baada ya mazishi Tunu aligoma kula. Si kwa kulia wala kwa kisirani, alikuwa anaitazama sahani tu mpaka chakula kinapoa. Nilijaribu kumbembeleza, nikamtisha, nikampeleka zahanati, wakasema mtoto ana huzuni, mpe muda. Siku moja nikamweka Kiazi pembeni ya sahani yake na fungu la mchicha, Kiazi akaanza kutafuna ile tafunatafuna yake ya haraka, na Tunu akakata tonge. Tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja, mmoja mchicha, mwingine ugali, na mie nikawa nashukuru Mungu kwa kile kinyama kuliko nilivyowahi kushukuru kwa binadamu yeyote.

Halafu Alhamisi moja Kiazi akasusa.

Nilimwekea mchicha, hakuugusa. Karoti, hakuigusa. Alijikunyata, manyoya yamesimama, na kilichonitia baridi ni kwamba alikipa chakula mgongo akawa anautazama mlango wa uani, ule ambao mama alikuwaga anaingilia akitoka sokoni. Haikuwa mara moja. Nikimgeuza, anageuka tena. Masikio yakitikisika kidogokidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Tunu akasukuma sahani. "Asipokula na mie sili."

Ijumaa nilienda duka la dawa za mifugo. Muuzaji aliniuliza, "Kuku wangapi?" Nikamwambia si kuku, ni simbilisi, mmoja. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Sista, kwa wajomba zangu hicho ni kitoweo. Mtie chumvi." Alipoona sicheki akanionea huruma, akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, akasema nisage majani nimnyweshe kidogokidogo, maana mnyama wa namna ile tumbo likikaa tupu siku mbili tatu ndiyo safari. Nikarudi nikatwanga mchicha, nikamnywesha. Alichomeza ni kidogo, kilichobaki kilitoka na mate, kidevu chote kikawa kimelowa.

Ijumaa hiyohiyo, saa saba za mchana, jua linawaka, Kiazi alipiga mluzi. Simbilisi hupiga mluzi wakifurahi, lakini huu niliufahamu, mrefu, wa kupanda juu, alikuwa hampigii mtu mwingine isipokuwa mama, akisikia ndara zake uani. Tangu mazishi hatukuwahi kuusikia. Tunu akainua kichwa akasema taratibu, "Kuna mtu kaja." Nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Kamba ya nguo tu ilikuwa inacheza, na siku hiyo upepo haukuwepo.

Jumamosi Tunu alikuwa hajaweka kitu tumboni zaidi ya chai ya rangi kwa siku ya tatu, midomo imepauka, na ndiyo siku hiyohiyo mwenye nyumba wetu, Mama Rehema, alikuwa anapokea posa ya binti yake. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba vinazunguka uani, kwa hiyo shughuli ya mmoja ni ya wote. Asubuhi Mama Rehema aliniita.

"Zuhura, wewe unayejua mambo ya simu, hebu niunganishie hili lispika. Na kile kipanya chako leo sitaki kukiona, wageni wanatoka Gongo la Mboto, ni watu wa maana."

"Si panya, Mama Rehema."

"Nimelijua jina lake. Sitaki kukiona."

Nikaliunganisha lile spika la kukodi na simu yangu kwa Bluetooth, nikapiga taarabu moja kujaribu, likatikisa madirisha, nikalipachika pale kwenye mkeka wa wageni. Baadaye nikazima Bluetooth nikaendelea na kupepeta mchele. Lile spika lenyewe sikulizima. Likumbukeni.

Alasiri wageni wakaja, wanaume watatu, kina mama watatu, wakavua viatu wakakaa mkekani. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja mrefu, mwembamba, koti na kofia, sauti ya kuzoea mabaraza. Akaomba muziki uzimwe, Rehema, yule binti anayeposwa, akaizima kabisa simu yake iliyokuwa inaupiga. Chakula kikaletwa, naye akaweka mikono mapajani akasema kama desturi yao inavyotaka, "Sie hatunawi wala hatutii kitu mdomoni mpaka tusikie jibu letu." Mie ndiye niliyekuwa nimeshika birika la kunawisha. Nikaona hapo pana maneno ya nusu saa, nikaliweka birika chini nikachepuka.

Chumbani Tunu alikuwa amelala ubavu, uso kwa uso na Kiazi. Akaniambia kitu alichokuwa amekiwaza, naona, siku nzima. "Dada, Kiazi anataka aitwe na mama. Yule mama wa kwenye simu."

Nilijua anachosema, na nilitamani nisingejua.

Siku mama anafariki hospitali, simu yangu haikuwa na bando. Nilikuja kununua bando siku ya tatu baada ya kuzika, ujumbe ukamiminika, pole nyingi, na katikati ya pole ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mwenyewe, aliurekodi alfajiri ya siku ile. Dakika moja na sekunde tisa. Sikuwahi kuufungua, ingawa Tunu aliwahi kuuona kwenye kioo akaniuliza. Miezi kumi. Nilikuwa najiambia kwamba maadamu sijausikiliza, bado mama ana neno la kuniambia, nikishausikiliza basi amemaliza.

Lakini nikamtazama Tunu midomo yake, nikasema potelea mbali. Ndiyo uamuzi wenyewe huo, mdogo tu. Nikamwambia, "Nenda kakae uani na wenzio upate hewa, nitamwita Kiazi mwenyewe." (Sikutaka anione nikilia.) Akatoka, akaenda kukaa karibu na spika kwa sababu palikuwa na kivuli.

Simu yangu spika yake ilikufa siku iliponyeshewa gengeni, huwa nasikilizia kwenye kiredio changu kidogo cha kuchaji. Nikakiwasha, nikawasha Bluetooth, nikaona kwenye kioo imeandika imeunganishwa. Imeunganishwa na nini, sikusoma. Nikamfunga Kiazi kwenye kanga ya mama ya zambarau ili asifurukute, bomba la mchicha mkono mmoja, simu mkono mwingine, bismillahi, nikabonyeza.

Kimya.

Nikarudisha mwanzo, nikabonyeza tena. Kimya. Nikakitikisa kiredio, nikadhani chaji, nikakichomeka ukutani, nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho.

Kilichokuwa kinatokea nje nilisimuliwa baadaye. Mama alikuwa na mzaha wake, hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti bila kupiga hodi kwanza, kama anayeingia nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo pale mkekani, katikati ya maneno ya mshenga, spika likasema kwa sauti ndogo, "Hodi." Mzee wa watu, mwenye adabu zake, hakumjua mama, akageuka akaitikia, "Karibu." Mara ya pili, "Hodi." Akajivuta akaacha nafasi mkekani, "Karibu, karibu, pita ndani." Mama Rehema alikuwa ameishika sinia ya pilau. Yeye sauti ile aliijua, alikaa nayo uani miaka kumi na moja. 

Mie ndani nikabonyeza mara ya tatu.

Sasa hebu fikirieni. Nimekaa kitandani, kiredio kiko kimya mbele yangu, na kupitia dirishani, kutoka uani, namsikia mama yangu mzazi niliyemuosha kwa mikono yangu, sauti kubwa kuliko ya binadamu: "HODI. HODI WENYEWE. NI MIE. NAJUA MPO, MSIJIFANYE HAMPO."

Na Kiazi, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, akapiga ule mluzi.

Simu niliisahau. Naapa nilisahau kabisa kwamba ninayo mkononi. Akili yangu ilikwenda mahali pamoja tu, kwamba yule ambaye Kiazi alikuwa anamtazamia mlangoni siku tatu amefika. Kiazi akapiga chafya, mchicha wote wa kwenye bomba na wa mdomoni ukanirukia usoni, na mie nikainuka hivyohivyo, kanga ya marehemu kifuani, uso wa kijani, dera limelowa kijani, nikafungua mlango nikatoka uani nikisema, "Mama?"

"HAPA NILIPO PANA BARIDI," likasema spika. "NIMEJIFUNIKA KANGA YANGU ILE YA ZAMBARAU LAKINI HAITOSHI."

Wageni wote sita wakaitazama kanga ya zambarau. Ndani ya kanga kitu chenye manyoya kikajitikisa.

"HUYO AKIKATAA KULA MSIMCHEKEE. ATAWAFIA HAPOHAPO. MMOJA AMSHIKE MABEGA, MFUNUENI MDOMO, MTAZAME MENO."

Mshenga, ambaye nusu saa nzima alikuwa amekataa kula, alijishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha aliinuka. Sijawahi kuona mzee akiinuka vile, kama ametolewa chini kwa kamba, sinia ya pilau ikamwangukia miguuni, akapita juu yake, kina mama nyuma yake wanasema "Astaghfirullah, astaghfirullah," mmoja alikwama kwenye kamba ya nguo akaondoka nayo.

"ZUHURA, WEWE UNA PUPA. USIKIMBIE."

Kwa neno hilo hata waliokuwa hawajakimbia walikimbia. Wapangaji wenzangu, waliokula kwenye sufuria moja na mama, waliruka ukuta wa nyuma wenye vipande vya chupa. Mama Rehema alikaa chini katikati ya pilau akaniita kwa sauti ya mtoto mdogo, "Zuhura mwanangu, nimekosa nini? Kama ni kumwita panya, nimetubu."

Nilipotazama spika ndipo nilipoona. Tunu hakukimbia. Alikuwa amelikumbatia lile spika, shavu limebanwa kwenye wavu wake, macho amefumba, midomo inacheza. Na mkononi mwangu simu ilikuwa inahesabu sekunde. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na aibu ikanishika kuanzia kwenye nyayo, nikatamani ardhi ipasuke, ila kwa mambo ya siku ile nikaogopa isije ikapasuka kweli.

Sikuizima. Nisingeweza. Nilisimama pale na uso wangu wa kijani nikamsikiliza mpaka mwisho. "Kiangazi nyasi zinakuwa kavu, zinamchoma Kiazi mdomoni. Ukiona kidevu kimelowa mate, ujue kuna kitu kimekwama nyuma ya jino. Kitoe kwa kijiti, taratibu. Halafu mpe majani ya mpera. Haya. Mie nalala kidogo."

Alfajiri ile, saa chache kabla hajaondoka, alikuwa anamuwaza Kiazi. Na neno lilikaa kwenye simu yangu miezi kumi likisubiri kiangazi, na mie nimeliogopa.

Nikakaa palepale mkekani penye viatu vya wageni, nikamwita Tunu amshike mabega, Mama Rehema (sijui alipata wapi moyo) akashika tochi ya simu. Nikamfunua mdomo kwa kijiti. Nyuma ya jino la pembeni palikuwa na ncha ya jani kavu, ngumu kama mwiba, imezama kwenye ufizi na kuzunguka pamekuwa pekundu. Nilijaribu mara nne kuivuta, mara ya nne ikaja. Jioni hiyo Kiazi alitafuna jani la kwanza la mpera, polepole, kwa upande mmoja. Tunu alipakua pilau iliyobaki safi sufuriani akala sahani mbili. Na mie nikaingia chooni nikajifungia nikalia na kucheka kwa pamoja, mpangaji mmoja aliyekuwa anarudi kupitia ukutani akasikia, akarudi alikotoka.

Aibu haikuishia hapo. Kesho yake nilibeba viatu vya wageni ndani ya beseni langu la mboga, jozi sita, nikaenda navyo Gongo la Mboto kwa mshenga kuomba radhi. Nikasimama mlangoni nikasema, "Hodi." Namsikia kabisa yuko ndani, redio imezimwa ghafla. "Hodi wenyewe." Mara ya tatu mkewe akaongea kupitia dirisha lililofungwa: "Jitaje wewe ni nani, na mama yako ni nani, na yuko wapi!" Sasa hilo la mwisho nilijibuje? Nikasema, "Shikamoo, mama. Nimeleta viatu." Akasema, "Marahaba. Viache hapohapo, urudi nyuma hatua kumi." Nikarudi nyuma hatua kumi. Majirani wote wakinitazama na beseni langu.

Posa ilikubaliwa mwishowe, Rehema ameolewa, ila mshenga aliweka sharti kwamba siku ya harusi pasiwe na spika lolote, na ngoma ikapigwa kwa mikono.

Kipande ambacho watu hawacheki ni hiki. Usiku ule Tunu akiwa analala aliniambia, "Mama kaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado." Nikamwambia sawa. Nikajua ni mawazo ya mtoto mwenye njaa. Lakini wiki mbili baadaye Mama Rehema alikuwa ananisaidia kuchambua mchicha, hakuna aliyemuuliza kitu, akasema, "Mie yote niliyavumilia, Zuhura. Aliponikata maini ni pale alipomuuliza mtoto kama amekula."

Nimeusikiliza ule ujumbe tena na tena, kwa waya wa masikioni, nimehesabu. Dakika moja na sekunde tisa. Neno hilo halimo.

Basi mie nimeapa. Bluetooth siwashi tena hata mtoto wa mfalme aniombe, na ujumbe wa mtu wangu nikiupata, nausikiliza siku hiyohiyo, hata kama unaniuma, kwa sababu neno ulilolikimbia halifutiki, linakusubiri lipate spika kubwa zaidi. Nikipigiwa hodi naitikia baada ya hodi ya tatu, tena naenda kufungua mwenyewe nione uso.

Ila mchana, tukishaketi kula, kuna siku Kiazi huacha kutafuna, anageukia mlango wa uani, anapiga ule mluzi. Tunu humeza tonge lake kwanza. Kisha anajibu kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemjibu mtu aliye jikoni, "Nimekula, mama."

Na mie simkatazi.